Kuunganisha betri mbili za sola kwa sambamba

Betri mbili za volti 12, kila moja ampia-saa 100, ukiziunganisha chanya kwa chanya na hasi kwa hasi, volti hubaki 12 na akiba hufika ampia-saa 200. Nyaya ni chache, lakini zikikaa vibaya betri moja hufa kabla ya mwenzake.

1. Tafuta betri pacha: aina, ukubwa na umri uleule. Usichanganye ya maji na ya jeli, wala mpya na kuukuu. Iliyochoka huinyonya nzima usiku kucha, asubuhi zote ziko chini.

2. Chaji kila moja peke yake hadi ijae, iache ipumzike saa kadhaa, kisha pima. Betri ya asidi iliyojaa husoma karibu volti 12.7. Tofauti kati yao isizidi 0.1. Tuseme moja ni 12.7 na nyingine 12.1, na ukinzani wa mzunguko wote ni omu 0.02: 0.6 gawanya kwa 0.02, ampia 30 zitakimbia kutoka betri hadi betri kabla hujawasha hata taa.

3. Weka fyuzi karibu na ncha chanya ya kila betri. Seli ya betri moja ikipiga shoti, ile betri iliyo nzima itamwaga mkondo mkubwa kwa mwenzake. Fyuzi moja ya mbele kwenye laini ya mzigo (vifaa vinavyotumia umeme) haitaona kitu.

4. Hapa ndipo wengi hukosea. Usitoe chanya na hasi za mzigo kwenye betri ya kwanza. Chukua chanya kwenye betri ya kwanza, hasi kwenye ya pili. Chukulia kila betri ina ukinzani wa miliomu 5 (miliomu ni sehemu ya elfu ya omu), kila waya wa kuunganisha miliomu 1. Ukitoa upande mmoja, betri ya kwanza ina miliomu 5, ya pili 7. Mzigo wa ampia 24 unagawanyika 14 kwa 10. Ukitoa kimshazari, kila njia ina 6, kila betri inatoa 12. Nyaya za chaji zifuate ncha hizohizo.

5. Washa mzigo, pima mkondo wa kila betri kwa klampu mita, kipimo kinachobana waya. Mikondo ikitofautiana sana, kaza nati na safisha ncha kabla ya kuilaumu betri: kutu kidogo tu huongeza miliomu kadhaa.

Ukitaka kufungua nyaya, tenganisha paneli kwanza, betri baadaye.