Themeda kwenye udongo mweusi: ipande, ikate, usiilishe

Wateja wangu wengi wakija kwenye kitalu wanataka nyasi ya pasipalamu, ile ya kutandazwa leo na kupigwa picha kesho. Kwa mtu wa Karen au Runda mwenye udongo mwekundu na kisima chake, sina neno. Lakini wewe uliyejenga Utawala au Ruai, kwenye udongo mweusi, unajua hali ilivyo. Kiangazi ardhi inapasuka nyufa za kumeza kiatu cha mtoto, masika inang'ang'ania gambuti, na maji ya bomba yakikatika unaita boza. Kunywesha pasipalamu maji ya boza ni kujitafutia ufukara. Mimi huko hupanda themeda.

Unaifahamu hata kama jina ni geni. Ukipita kando ya uzio wa Mbuga ya Nairobi mvua za masika zikishaisha, ile nyasi ndefu ya rangi ya kutu inayolala na upepo, sehemu kubwa ni yenyewe. Ni ya uwanda wa Athi tangu zamani, kabla mbuga haijafunguliwa mwaka 1946 na kabla ya sisi na mageti yetu. Hiyohiyo inamea mpaka Afrika Kusini na Australia, ambako wameipa jina la kangaruu. Huishi miaka mingi, na udongo mweusi hauitishi.

Mashina ya kupanda usiyafuate ndani ya mbuga, utashikwa. Tafuta ploti inayotaka kujengwa, ongea na mwenyewe kabla tingatinga halijafika. Wengi watakuambia chukua tu, kwani wao wanaona ni kichaka. Nenda mvua ikishalowesha ardhi, mwishoni mwa Machi au Oktoba. Chimba shina zima na udongo wake, ulipasue kwa panga vipande vya ngumi moja, kila kimoja kiwe na machipukizi mabichi na mizizi. Machipukizi mazuri yako pembeni. Katikati mwa shina la zamani mara nyingi pamekufa, hapo tupa. Punguza majani yabaki shubiri moja, funga kwenye gunia lililoloweshwa, na upande siku hiyohiyo.

Acha sentimita 30 hadi 40 kati ya shina na shina. Udongo mweusi hutuamisha maji, kwa hiyo inua kituta kidogo, na kitako cha shina kiwe sawa na uso wa ardhi, kisizame. Kanyaga vizuri. Mvua ikigoma, mwagilia wiki tatu za kwanza, kisha uache. Kivuli hapana: chini ya mwembe au nyuma ya ghorofa la jirani itadhoofika tu, panda kitu kingine.

Kuna wanaotaka kuanza na mbegu kwa kuwa ni rahisi kuokota. Jueni kwamba nyingi huwa tupu, na zile nzima hulala. Zihifadhi pakavu karibu mwaka mmoja kabla ya kuzitarajia kuota. Usizikate ule mkia mrefu mweusi. Ukipata unyevu unajizungusha, ukikauka unajirudi, na hivyo mbegu inajitoboa yenyewe ardhini. Kwatua juujuu, tawanya, iache ijichimbie.

Mwaka wa kwanza kazi ni magugu. Kishona-nguo ni rahisi, kinang'oka. Adui ni sangari: ukiikata kwa jembe kila kipande cha mzizi kinaota upya. Tumia uma wa bustani, fuata mzizi mpaka mwisho wake, na usiuache juu ya udongo ulio na unyevu.

Sasa mbolea. Kuna mama mmoja nilimpandia, nikirudi nakuta samadi imemwagwa gari zima, ati nyasi imekonda. Mama, themeda haikondi, ndivyo ilivyo! Imezoea udongo maskini. Ukiulisha udongo huo, wanaonufaika ni magugu yenye haraka, themeda inafunikwa. Wala mbolea ya chumvichumvi usiiguse.

Kinachoiua zaidi baada ya hapo ni heshima. Watu wanaiona imependeza, hawaikati. Porini nyumbu na pundamilia huila, na moto hupita mara kwa mara, kwa hiyo majani makuukuu hayapati kurundikana. Kwako hakuna pundamilia. Majani yaliyokauka yanasongamana, machipukizi ya chini yanakosa jua, na baada ya miaka kadhaa unabaki na kichuguu cha makapi. Moto mtaani usijaribu, utachoma mabati ya watu. Chukua slasha. Subiri mbegu zidondoke, kisha mwisho wa Septemba, kabla ya vuli, kata ibaki sentimita 10 hivi. Usiende chini zaidi, usikwangue mpaka udongo uonekane. Ondoa majani yote uliyokata, ukatandaze kwenye sukuma wiki kuzuia unyevu usipotee. Mara moja kwa mwaka inatosha. Ukiifyeka kila wiki kama uwanja wa mpira itakufa, na sangari itakushukuru.

Majirani watalalamika nyoka. Kata ukanda wa mita moja kando ya njia na ukuta uwe mfupi daima; watu wakiona kingo zimenyooka wanajua hapa pana mwenyewe. Na kama una mbwa mwenye manyoya marefu, mzuie mbegu zinapokomaa au mchane kila jioni, hasa masikioni na katikati ya vidole, maana ule mkia unaotoboa ardhi unatoboa na ngozi.