Kusikitika, Kujuta na Kuomba Radhi: Namna ya Kuchagua Kitenzi cha Habari

Kiongozi anapozungumzia kosa lililotendwa, mwandishi abaini kwanza amesema nini hasa, kisha ndipo afikirie kichwa cha habari. Kiswahili kina vitenzi vitatu ambavyo vyumba vya habari huvichanganya mno, ilhali mizigo yake si sawa. Kusikitika ni hali ya moyo tu: familia yenye msiba huandika katika tanzia kwamba inasikitika kutangaza kifo cha mzee wao, na hakuna msomaji anayedhani kuwa ndiyo iliyomuua. Kujuta ni kwa mtu anayelitazama tendo lake mwenyewe. Hakuna ajutaye mvua iliyobomoa nyumba ya jirani. Kuomba radhi kunakwenda mbali zaidi, kwa kuwa ombi lina mwombwaji, naye ana hiari ya kukataa.

Tofauti hiyo ilionekana wazi katika siku mbili zilizofuatana mwaka 2023. Tarehe 31 Oktoba, katika dhifa ya kitaifa jijini Nairobi, Mfalme Charles III alisema kwamba maovu ya zamani ni chanzo cha huzuni na masikitiko makubwa, na kwamba ukatili waliofanyiwa Wakenya walipokuwa wakipigania uhuru hauna kisingizio. Radhi hakuomba, ingawa watetezi wa haki za binadamu nchini Kenya walikuwa wamemtaka afanye hivyo. Kesho yake Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alikuwa Songea, mbele ya wazao wa mashujaa wa Vita vya Maji Maji, na huko aliomba msamaha kwa yale ambayo Wajerumani waliwatendea mababu zao. Kwa hiyo kichwa kisemacho "Mfalme aomba radhi" kingempa Mfalme neno ambalo hakulitamka, na "Mfalme asikitikia ukatili wa kikoloni" ndicho kinacholingana na hotuba yake. Binafsi hata "ajutia" ningeliepuka, maana linamfanya mtenda.

Ukishapata kitenzi, mtafute mtendaji. Sentensi kama "makosa yalifanyika" ni kichaka kizuri cha kujifichia, na mwandishi akiinukuu bila kuuliza yalifanywa na nani, amesaidia kukisitawisha. Kisha uliza kilichoambatana na maneno. Juni 2013, William Hague, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Nje wa Uingereza, aliliambia Bunge la nchi yake kwamba serikali inasikitishwa na mateso waliyoyapata Wakenya wakati wa vita vya Mau Mau, akatangaza malipo ya jumla ya pauni milioni 19.9, gharama za kesi zikiwemo, kwa wadai 5,228, na papo hapo akaeleza kuwa serikali inaendelea kukana dhima ya kisheria. Kukana huko si jambo la aya ya kumi. Kukae karibu na fedha na masikitiko, ili msomaji aone vyote vitatu kwa mtupo mmoja wa jicho. Usiandike "akiri" pale ambapo mtu amesikitika tu.

Pole nayo isipandishwe cheo. Waziri anayewapa pole waliounguliwa na soko hajakubali kwamba lawama ni ya wizara yake, na wala hajaikataa. Andika kwamba ametoa pole, uishie hapo. Kauli ikiwa imetolewa kwa lugha ya kigeni, rejea maneno ya asili, kwa maana tafsiri ya haraka ndiyo huzaa nusu ya makosa haya.

Limebaki kosa la gazeti lenyewe. "Tunaomba radhi kwa usumbufu wowote uliojitokeza" ni fomula ya kivivu: neno "wowote" linatia shaka kama kuna aliyeumia, na "uliojitokeza" linaufanya usumbufu uwe umejileta wenyewe. Taja tarehe ya toleo, eleza kilichoandikwa, sema ukweli ni upi, kisha omba radhi kwa aliyekosewa kwa jina lake, katika ukurasa ule ule uliobeba kosa.