SOMO: Kwenda kuona dansi ya kisasa Dar bila kuharibu jioni yako

Wakuu, salaam. Kila onyesho likitangazwa Upanga au Mikocheni, maswali ni yale yale: tufike saa ngapi, tukae wapi, tunarudije. Naandika mara moja, kisha atakayeuliza nitamwelekeza hapa. Somo linahusu dansi ya kisasa, yaani wachezaji wanaoonyesha kazi kwa miili yao jukwaani, si muziki wa dansi wa bendi, katika kumbi kama Alliance Française barabara ya Ali Hassan Mwinyi, Nafasi Art Space Mikocheni na Makumbusho ya Taifa mtaa wa Shaaban Robert.

Shika hili kwanza: kazi nyingi za dansi ya kisasa zina urefu wa dakika 45 hadi 75 na hazina mapumziko. Ukichelewa dakika 20, umekosa kama theluthi na hairudiwi. Kwa hiyo jioni hii inapangwa kwa kuanzia kitini kurudi nyuma: kiti, halafu muda wa kufika, halafu usafiri, halafu chakula.

1. Hakikisha tarehe na saa kwenye ukurasa wa ukumbi wenyewe, siku ile ile. Tangazo linalozunguka WhatsApp huweza kuwa la mwaka jana.

2. Lipia kwa simu ikiwezekana, na upige picha ya skrini ya ujumbe wa malipo. Mtandao ukigoma getini, picha inakuokoa. Onyesho la bure nalo linajaa, tena linajaa mapema kuliko la kulipia.

3. Kula saa 11 jioni, chakula chepesi. Mlo mkubwa uache hadi baada ya onyesho.

4. Usafiri wa kwenda. Wa Kimara na Ubungo wanaokuja Upanga: mwendokasi mpaka kituo cha Fire, kisha bajaji. Wa Masaki na Oysterbay wapite Daraja la Tanzanite, lile lililofunguliwa 2022, waepuke foleni ya daraja la Selander. Anayetoka Mwenge anakwenda kinyume na wengi wanaotoka mjini, lakini bado ahesabu saa nzima. Wanaokwenda Nafasi wamtumie dereva pini ya ramani, maana ukumbi uko ndani kwenye eneo la viwanda vidogo na dereva asiyepajua atakuzungusha.

5. KITI. Hapa ndipo watu wengi wanapoharibu, kisha wanasema dansi yenyewe haikueleweka. Fika dakika 40 kabla, tazama jukwaa, ndipo uchague.

Kama wachezaji wako sakafuni, usawa mmoja na viti, kaa mstari wa kwanza au wa pili. Dansi ya kisasa inatumia sana sakafu: mtu anaanguka, anabiringika, anatambaa, na pengine robo ya kazi inafanyika chini ya usawa wa magoti. Ukiwa mstari wa nne kwenye viti vya plastiki utaona visogo vya watu tu. Kama jukwaa limeinuliwa kama mita moja, mambo yanageuka. Jicho la mtu aliyekaa liko takriban mita 1.2 kutoka chini, kwa hiyo mstari wa kwanza unatazama karibu sawa na uso wa jukwaa. Wachezaji wanaonekana wamebanwa kwenye mstari mmoja, na huwezi kujua nani yuko mbele na nani yuko nyuma. Rudi mstari wa tatu hadi wa tano. Kama viti vimepangwa kwa ngazi, tafuta katikati ya ukumbi.

Onyo la kwanza: epuka viti vya pembeni kabisa. Dansi huwashiwa taa za ubavuni, zinazosimamishwa kwenye nguzo pande zote mbili usawa wa goti, kifua na kichwa, ili mwili uonekane umechongwa. Aliyekaa pembeni zinampiga machoni.

Onyo la pili: onyesho likiwa nje, uliza jenereta iko wapi kabla hujakaa. Kuna kazi zenye dakika kumi za ukimya ambapo unatakiwa usikie pumzi na nyayo. Ukikaa upande wa jenereta, hizo dakika kumi umezipoteza.

Ukishindwa kuamua, tafuta meza ya fundi wa taa na sauti. Mara nyingi iko katikati, nyuma ya viti. Taa na sauti zimepangwa kwa kuangalia na kusikiliza kutoka pale, kwa hiyo kiti kilicho mbele ya meza hiyo mara chache kitakuangusha.

6. Usikanyage ule mpira mweusi uliotandikwa jukwaani. Katika kumbi ndogo watu hukatiza hapo kwenda kwenye viti. Viatu vinaacha mchanga, na wachezaji wengi wako peku: chembe moja inachana unyayo, na mtu anayezunguka kwa mguu mmoja inamtelezesha. Zunguka nyuma ya viti hata kama ni mbali.

7. Simu izimwe kabisa. Mwanga wa kioo unaonekana kutoka jukwaani, na flashi ikimpata mtu aliye hewani anatua bila kuona sakafu. Kama unataka picha, piga wakati wa kupokea makofi.

8. Mavazi: ukumbi wenye kiyoyozi, beba kanga au sweta. Nje, suruali ndefu na soksi kwa ajili ya mbu. Bangili nyingi ziache nyumbani.

9. Usikimbie makofi yakiisha. Mara nyingi kuna mazungumzo na wasanii, na hiyo ni nusu ya faida ya jioni.

10. Kurudi. Patana na bajaji KABLA ya onyesho, mpe saa ya kukuchukua na uongeze nusu saa ya mazungumzo. Onyesho likiisha wote huita gari kwa wakati mmoja na bei inapanda. Mkiwa wanne mnaokwenda upande mmoja, panda gari moja.

Maswali karibu.

Kibo_Sinza: Bendi gani inapiga?

Mtoa somo: Hakuna bendi. Hili si somo la muziki wa dansi. Soma mwanzo.

Jembe la Tabata: Kiingilio shilingi ngapi mkuu?

Mtoa somo: Onyesho lipi? Hujataja. Kila moja lina bei yake na mengine ni bure. Ulizia ukumbini.

Bi Zuhura: Asalaam aleykum. Tangazo linasema saa 1 usiku. Sisi wa kuswali tunajipangaje?

Mtoa somo: Waaleykum salaam dada. Umeuliza jambo ambalo lilipaswa kuwa kwenye somo. Dar jua huzama kati ya saa 12:10 na saa 12:50 jioni kutegemea mwezi, kwa hiyo Magharibi inaingia kabla ya onyesho. Fika saa 12 kasoro, mwachie mwenzako akushikie kiti, uswali, urudi. Upanga misikiti haiko mbali. Isha utaiwahi baada ya onyesho ukiwa na nafasi ya kutosha. Ukienda peke yako, acha mtandio juu ya kiti na umweleze mhudumu wa mlangoni, wengi ni waelewa.

Mzee wa Fasta: Sasa kwa nini wanazuia mlango mtu akichelewa robo saa tu? Bongo hakuna kinachoanza kwa wakati.

Mtoa somo: Robo saa kati ya dakika 50 si "tu". Mlango ukifunguliwa mwanga unaingia jukwaani gizani, na wachezaji wanapimana umbali kwa macho.

Mzee wa Fasta: Lakini mengi huchelewa kuanza, unajua hilo.

Mtoa somo: Mengine huchelewa. Hujui lipi. Fika.

Chalii_Njiro: Niliona onyesho moja, nikatoka sijaelewa. Mtu unatazama nini hasa? Naomba kujifunza kweli.

Mtoa somo: Swali zuri sana ndugu. Usianze kwa kutafuta hadithi. Fuata vitu vitatu. Kwanza uzito: nani anambeba nani, na anayebebwa ameachia mwili au amejikaza? Pili pumzi: mara nyingi wachezaji huanza pamoja kwa kuvuta pumzi, hasa pasipo na muziki. Tatu marudio: tendo likirudi, limerudi kwa nani, limekuwa polepole au haraka? Hapo ndipo mtunzi anapozungumza.

Halafu tumia ulichokulia nacho. Aliyeiona sindimba ya Wamakonde anajua nyonga inavyoweza kwenda na ngoma huku kifua kimetulia. Aliyeona mganda, ngoma inayochezwa kwa mistari, anajua nguvu ya mstari. Watunzi wengi wa Afrika wanaanzia huko, kisha wanavunja. Mtafute Faustin Linyekula wa Kisangani, mwenye Studios Kabako: kazi zake zinabeba historia ya Kongo mwilini. Mtafute pia Gregory Maqoma wa Soweto. Tazama vipande vifupi mtandaoni kabla ya kwenda, jicho litakuwa limezoea.

Chalii_Njiro: Asante sana. Kwenye mazungumzo mtu aulize nini asionekane mshamba?

Mtoa somo: Taja tendo uliloliona. "Pale mlipolala wote na mmoja akabaki amesimama, mlifikaje hapo?" Msanii atafunguka. "Inamaanisha nini?" humfunga.

Mama Neema wa Kigamboni: Mtoto wa miaka 6 anaweza?

Mtoa somo: Kama kazi ni ya dakika 45 na ukumbi umeruhusu, ndiyo. Uliza kwanza kama kuna sauti za ghafla, giza refu au uchi. Kaeni karibu na mlango, kando ya njia. Na wewe wa Kigamboni ulizia kivuko au gari la daraja kabla ya kutoka.

Mama Neema wa Kigamboni: Nyongeza kwa wenzangu: dawa ya mbu jipakeni nyumbani. Mtu akipuliza mstari wa kwanza inatua kwenye ule mpira na sakafu inateleza.

Mtoa somo: Kweli kabisa, naongeza kwenye namba 6. Losheni na mafuta pia.

Binti_Ruvuma: Mdogo wangu anataka kujifunza, aanzie wapi?

Mtoa somo: Dar kuna MUDA Africa, shule ya dansi ya kisasa iliyoanzishwa na Ian Mwaisunga. Bagamoyo kuna TaSUBa, yaani Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, ambako ngoma za asili zinafundishwa kwa kina. Aende akaone mazoezi kabla ya kuamua. Na mkienda Bagamoyo wakati wa tamasha la TaSUBa, shika chumba mapema mlale huko huko. Ni kama kilomita 70 kutoka Dar, na maonyesho huisha usiku mkubwa.

Kibo_Sinza: Kwa hiyo muziki unatoka wapi kama hakuna bendi?

Mtoa somo: Sasa hilo ni swali. Mara nyingi sauti hurekodiwa na kupigwa kutoka kwenye meza ya fundi. Wakati mwingine mpiga ngoma au marimba anakaa jukwaani na kufuata mwili wa mchezaji. Ukimwona, kaa upande unaokuonyesha mikono yake.