Anzeni na ubuyu, ramani itafuata
Mtoto wa chekechea hapa Dodoma hajui bara ni kitu gani, lakini ubuyu anaujua vizuri, na ndiyo maana nawashauri walezi wanaotaka kumfundisha kuhusu nchi za dunia waanzie hapo badala ya kumsimamisha mbele ya ramani. Mpelekeni akaukumbatie mbuyu ulio jirani, kisha mwonyesheni kwenye tufe la dunia kwamba miti ya jamii hiyo huota pia Madagaska, yenye aina sita, na kaskazini-magharibi mwa Australia, yenye aina moja. Nchini Senegali, ambako mbuyu umo katika nembo ya taifa, watu hunywa kinywaji cha ubuyu kiitwacho bouye. Kitengenezeni pamoja kwa unga, maji na sukari, kwa sababu mtoto wa umri huu hukumbuka zaidi alichokionja kuliko alichoelezwa. (Chujeni kokwa zote, zisije zikamkaba.) Kwa anayependa treni, acheni mbuyu kabisa: mwambieni kwamba Japani ina treni za umeme za mwendo kasi tangu mwaka 1964, halafu mwacheni apange viti vya sebuleni viwe mabehewa, aamue mwenyewe abiria wanakwenda nchi gani.