Mzazi Uliyeko Marekani, Yajue Masharti ya Jimbo Kabla Mtoto Hajaanza Darasa la Tisa

Wengi wetu tuliosoma Kenya, Tanzania au Kongo tulilelewa na mtihani mmoja wa mwisho: hata mwanafunzi aliyesuasua miaka ya mwanzo aliweza kukaza msuli, akafaulu, na mlango ukafunguka. Marekani hakuna mtihani wa taifa wa namna hiyo. Elimu iko mikononi mwa majimbo 50, kila jimbo lina masharti yake kuhusu masomo ambayo mwanafunzi wa sekondari lazima ayamalize, na hesabu ya masomo hayo huanza darasa la tisa, mtoto akiwa na miaka 14 hivi.

Jambo linalowaponza wazazi wetu ni kudhani kwamba kuhitimu sekondari na kustahili kuingia chuo kikuu ni kitu kimoja. (Hata neno diploma hupotosha, kwa kuwa hapa ndilo jina la cheti cha kumaliza sekondari, si stashahada tunayoijua nyumbani.) Jimbo la California linadai miaka miwili tu ya hisabati ili mwanafunzi ahitimu, ilhali vyuo vikuu vya umma vya jimbo hilo hilo vinataka mitatu, pamoja na miwili ya lugha ya kigeni, ndani ya orodha ya masomo 15 inayoitwa A-G, na kila somo liwe na alama C au zaidi. Alama D humwezesha mtoto kuvuka darasa, lakini kwa vyuo hivyo somo hilo halihesabiki.

Texas, kwa sheria ya mwaka 2013, mwanafunzi anapoingia darasa la tisa huchagua mchepuo mmoja kati ya mitano. Upo wa sayansi na hisabati, upo wa biashara na viwanda unaobeba fani kama uchomeleaji, na upo wa huduma za umma wenye masomo ya afya na ualimu. Baada ya darasa la kumi, mzazi anaweza kutia saini ili mtoto aache mchepuo na ahitimu kwa krediti (yaani vipimo vya masomo aliyofaulu) 22 badala ya 26. Fomu hiyo mimi niliitia saini. Kijana wangu aliiweka mezani nikivaa viatu kwenda zamu ya usiku, akanionyesha mstari kwa kidole na kusema, "Ni ya shule tu, baba." Sikujua kwamba bila mchepuo hawezi kufikia kile kiwango cha juu cha kuhitimu kinachowapa wanafunzi walio katika asilimia 10 bora nafasi ya moja kwa moja katika vyuo vikuu vingi vya umma vya jimbo. Tuliirekebisha baadaye, kwa taabu. Kwa hiyo nakusihi, usimfanye mtoto kuwa mkalimani wako katika mambo ya shule. Kwa msingi wa Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964, shule inayopokea fedha za serikali kuu inapaswa kuwasiliana na mzazi kwa lugha anayoielewa, bila malipo. Omba mkalimani wa Kiswahili mapema.

Zipo pia fursa ambazo hazitangazwi sana katika jamii yetu. Minnesota, tangu 1985, inamruhusu mwanafunzi wa darasa la 11 na 12 kusoma chuoni huku jimbo likilipa karo na vitabu, na wa darasa la 10 anaweza kuanza na somo la ufundi. Jimbo la Washington lina mpango wa namna hiyo uitwao Running Start, ambao huondoa karo lakini vitabu unajinunulia. Tahadhari ni moja: alama anazopata huko ni za chuo kwelikweli, na akifeli zitamfuata.

Kuhusu fedha, fomu ya FAFSA, ya kuiomba serikali kuu msaada wa kulipia chuo, kwa kawaida hufunguliwa Oktoba mwanafunzi akiwa darasa la 12, na wakimbizi waliopokelewa rasmi wanaruhusiwa kuijaza.

Basi omba miadi na mshauri wa wanafunzi mtoto akiwa bado darasa la nane. Muulize ni masomo gani yanayodaiwa na jimbo, ni yapi yanayodaiwa na vyuo vikuu vya umma, na hisabati ya darasa la tisa itamfikisha wapi akifika la 12. Usiondoke bila mpango wa miaka minne uliochapishwa, na kila muhula uulinganishe na ripoti yake.