Kiunzi ni milimita 32, si 38

Ndugu wafugaji nyuki wa Sikonge, nimefungua tena mizinga minne iliyonunuliwa gulioni, na yote ina kasoro ileile. Viunzi, zile mbao za juu ambazo nyuki hushikizia masega, vimepasuliwa kwa upana wa inchi moja na nusu, yaani milimita 38. Fundi anakata hivyo kwa sababu ndivyo mbao zake zilivyo, na wewe unalipa bila kutoa rula.

Nyuki wetu ni wadogo kuliko wa Ulaya. Sega lao la majana, yaani watoto wa nyuki, lina unene wa kama milimita 23, na kati ya sega na sega huacha njia ya kama milimita 9. Jumla ni 32. Ukiwapa 38, sega la kwanza litakaa katikati ya kiunzi, la pili litapotoka kwa milimita 6, na ukifika kiunzi cha sita upotofu ni milimita 30, karibu nafasi ya sega zima. Hapo wanajenga kwa mshazari, sega moja likishika viunzi vitatu.

Nilikuwepo jioni moja mama mmoja aliponyanyua kiunzi kama hicho. Masega matatu yalipasuka kwa pamoja, asali ikamwagikia majana. Siku ya nne mzinga ulikuwa mtupu, na mti wa mtundu bado umechanua hatua chache kutoka pale. Inauma, kwa sababu kundi lilikuja lenyewe na chakula kilikuwepo.

Mtundu na mninga huchanua kabla ya mvua, kuanzia Septemba, na makundi hufuata maua. Kwa hiyo viunzi virandwe sasa, na mzinga uwe umetundikwa kabla Agosti haijaisha. Pima kila kiunzi ncha zote mbili. Nimeona vyenye 32 huku na 35 kule. Visipungue 30 pia, maana kosa hujilimbikiza vilevile.

Katikati ya kila kiunzi, upande wa chini, chora mfereji wa milimita 3 na uujaze nta ya nyuki iliyoyeyushwa. Mshumaa wa dukani si nta ya nyuki! Nimeshalisema hili mara nyingi.

Kundi likiingia, usiliguse siku 7. Kisha fungua mara moja tu, saa kumi na mbili jioni, moshi kidogo. Sega likiwa bado kama kiganja na ncha yake imevuka kwenda kiunzi jirani, ikate kwa kisu na uisukume irudi kwenye mstari. Ukisubiri mwezi, umeshachelewa: kuna majana na asali humo, na kila ukikata unaua.

Nyuki wakiingia na chavua miguuni, wamekaa.

Nendeni gulioni na rula. Fundi akisema mbao ziko hivyo, mwambieni apige randa mbele yenu kabla hamjatoa hela.