Namna ya kutengeneza sanduku la mkunga wa mchangani kwa somo la sayansi

Wanafunzi wetu wa Kisumu wanamjua kamongo, samaki wa ziwani, vizuri, lakini mkunga wa mchangani, samaki mwembamba kama nyoka aitwaye kisayansi Heteroconger hassi, huishi mbali nao, kwenye miteremko ya mchanga iliyo kando ya matumbawe, kuanzia Bahari ya Shamu na Afrika Mashariki hadi Pasifiki. Picha nyingi humwonyesha kichwa na kifua tu, ilhali urefu wake hufika sentimita 40. Naona somo halijakamilika mpaka watoto waone kilicho chini ya mchanga.

Hatua ya kwanza. Mwombe fundi wa vioo, kwa mfano pale soko la Kibuye, akutengenezee sanduku jembamba la kioo, lenye kimo cha sentimita 80 na kitako cha mbao kilichotobolewa matundu matatu madogo karibu na kioo cha mbele.

Hatua ya pili ndiyo inayotaka subira. Paka mpini wa jembe mafuta ya kujipaka, kisha uuvike uji mzito wa mchanga laini uliochekechwa na gundi nyeupe. Kabla uji huo haujakauka kabisa, upasue kwa kisu toka juu hadi chini pande zote mbili, nao utabanduka vipande viwili vilivyo kama mifereji; rudia ili upate kipande cha tatu. Bandika kila kipande kwa silikoni kwenye kioo cha mbele, juu ya tundu lake, ndani ya shimo kuonekane. Waeleze wanafunzi kwamba mkunga huchimba kwa mkia, ambao ncha yake ni ngumu, na kwamba ute wa ngozi yake hushikamanisha chembe za mchanga, kama gundi ilivyofanya hapa, ili shimo lisiporomoke.

Hatua ya tatu. Shona samaki wa kitambaa cheupe, wenye unene wa sentimita 1.5 hivi, uwatie waya laini ndani na madoa madogo meusi mwili mzima, pamoja na doa kubwa kwenye shavu la kupumulia, nyuma ya kichwa. Funga uzi wa nailoni mkiani, uupitishe kwenye tundu la kitako, kisha ujaze mchanga mkavu hadi sentimita 40.

Samaki wote watazame upande mmoja, kwa kuwa mikunga hawa huuelekea mkondo unaowaletea planktoni, yaani viumbe vidogo vinavyoelea majini.

Mwisho, weka sanduku juu ya matofali, mwanafunzi mmoja ashike nyuzi, na wenzake wakaribie polepole. Wanapofika karibu, avute, samaki wazame wakitanguliza mkia, kama wafanyavyo baharini mpiga mbizi anapowasogelea.